Jicho la Angani na Mbu wa Malaria

Je, chombo kilicho juu ya mawingu kinaweza kusaidia vita dhidi ya malaria? Wenzetu wa Nigeria walijaribu.

Tarehe 27 Septemba 2003 nchi hiyo ilipata setilaiti yake ya kwanza, NigeriaSat-1. Setilaiti ni chombo kinachopelekwa juu kwa roketi, kisha huizunguka dunia. Hiki kilitengenezwa Uingereza, na wahandisi wa Nigeria walikuwapo wakijifunza kazi. Kilirushwa kutoka Urusi. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 100, kama gunia la mahindi. Kilipita juu, karibu kilometa 700, kikiipiga picha ardhi. Sasa kimekwisha maliza kazi. Mwaka 2011 Nigeria ilirusha vingine.

Wapo wanaouliza: kwa nini nchi yenye wagonjwa wengi itumie fedha angani? Swali hilo ni la haki. Lakini fikirini homa ya uti wa mgongo. Kaskazini mwa Nigeria huzuka wakati wa kiangazi, upepo wa vumbi unapovuma kutoka Sahara. Mvua zikianza, hupungua. Mwaka 1996 watu zaidi ya 100,000 waliugua, na zaidi ya 11,000 wakafa. Kutoa tahadhari mapema juu ya homa hiyo ilikuwa moja ya kazi zilizokusudiwa kwa setilaiti hii. Chanjo ikiwahi, watu hukingwa.

Kazi nyingine ilikuwa kuchunguza mahali wanapozaliana mbu wa malaria. Kamera haimwoni mbu. Huona maji na majani. Majani mabichi hurudisha kwa wingi mwanga fulani wa jua usioonekana kwa macho yetu. Maji huumeza mwanga huo, kwa hiyo bwawa hutokea jeusi katika picha. Hapo mtaalamu hujua ni bonde gani la kwenda kukagua.

Hata hivyo, kila nukta ya picha zile ilikuwa na eneo la meta 32 kwa 32, yaani robo eka. Dimbwi la nyuma ya jiko halikuonekana. Wala maji katika nyayo za ng'ombe, na humo mbu wa malaria hutaga mayai. Yai huwa mbu katika wiki moja au mbili.

Basi kila wiki zunguka nyumba yako na jembe. Fukia mashimo, chimba mfereji maji yaende. Usiku laleni ndani ya chandarua chenye dawa. Mtoto akishikwa na homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo akapimwe damu.