Uchungu wa Uzazi Pale Sindano ya Ganzi Inapokosekana

Katika ziara zetu kwenye sharika za Karagwe na Kyerwa, na pia katika barua za marafiki wanaotusaidia kutoka nje, swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara. Kwa nini mama anayejifungua katika zahanati au kituo cha afya cha kwetu hapati sindano ya kuondoa uchungu, kama wanavyopata akina mama wengi wa Ulaya au wa hospitali kubwa za binafsi Dar es Salaam? Na kama sindano hiyo haipo, mama huyo afanyeje? Makala hii inajaribu kujibu maswali hayo mawili. Inawahusu wajumbe wote wa kamati, wake kwa waume, kwa sababu mengi yanayoweza kumsaidia mama huyo hayako kwenye kabati la dawa. Yako mikononi mwa ndugu zake na mwa usharika wake.

Tuchukue mfano wa mama aliyemzaa mtoto wake wa kwanza mjini, akapata ganzi, na sasa amerudi nyumbani kwao Nkwenda au Kaisho akiwa na mimba ya pili. Anafika kwenye kituo na kuomba "sindano ya mgongo". Mkunga anamjibu kwamba sindano hiyo ni ya upasuaji tu. Mama anaona amenyimwa. Mkunga naye anaona anasumbuliwa. Kumbe wote wawili wanazungumzia vitu viwili tofauti.

Sindano ya upasuaji huchomwa mara moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Hufanya kazi kwa muda wa saa moja hadi tatu hivi, kisha huisha. Inafaa kwa operesheni, lakini haiwezi kumtosha mama ambaye uchungu wake unaweza kuchukua saa 10 au 12. Ganzi ya uchungu, ambayo wataalamu huiita epidurali, ni nyingine. Mtaalamu wa usingizi huingiza mrija mwembamba sana karibu na uti wa mgongo na kuuacha hapo, na dawa huongezwa kidogo kidogo mpaka mtoto azaliwe. Kwa muda wote huo lazima awepo mtu wa kupima shinikizo la damu la mama, kwa sababu linaweza kushuka ghafla, na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Dripu iwe tayari, oksijeni iwe tayari, na chumba cha upasuaji kisiwe mbali.

Ndiyo maana tunapoulizwa na wafadhili kama wanaweza "kununua epidurali" kwa ajili ya zahanati, jibu letu la kweli ni hapana. Dawa yenyewe si tatizo kubwa. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa nayo usiku kucha. Katika wilaya zetu, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Tanzania vijijini, kazi ya usingizi hufanywa na wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo ya ziada, nao ni wachache. Hospitali zinazopokea rufaa, kama Nyakahanga kwa upande wa Karagwe na Isingiro kwa upande wa Kyerwa, zinawahitaji watu hao kwanza kwa mama anayetakiwa kufanyiwa upasuaji ili yeye na mtoto wapone. Ukimwondoa mtaalamu huyo akae na mama mmoja mwenye uchungu wa kawaida, nani atakuwa chumba cha upasuaji?

Ipo pia sindano ya pethidini, ambayo huchomwa kwenye msuli. Hupunguza makali ya uchungu, haiyaondoi. Ni dawa ya kulevya kisheria, hivyo hufungiwa kwenye kabati lenye kufuli na kila chupa huandikwa kwenye daftari, na vituo vidogo kwa kawaida havina. Tena ina hasara yake: mama anaweza kutapika na kusinzia, na mtoto akizaliwa saa chache baada ya sindano anaweza kuchelewa kupumua vizuri. Anayeitoa lazima ajue kumsaidia mtoto kupumua kwa mfuko na barakoa. Sindano nyingine ambazo watu huzisifu kuwa "zinafungua njia haraka" zisiombwe kiholela. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu, halipendekezi dawa za kulegeza misuli kwa ajili ya kuzuia uchungu kuchelewa.

Mwongozo huo huo unakubali epidurali na dawa za aina ya pethidini kwa mama mwenye afya anayeziomba, mahali zilipo. Lakini unapendekeza pia mambo ambayo hayahitaji duka la dawa: kupumua kwa utulivu na kulegeza mwili, kukandwa, kitambaa cha moto, kutembea na kukaa wima, kunywa na kula, na kuwa na mtu wa kumsindikiza ambaye mama mwenyewe amemchagua. Tuyaeleze moja moja, maana ukijua sababu ya jambo unalifanya vizuri zaidi.

Uchungu wa hatua ya kwanza unatokana na tumbo la uzazi kujikaza ili mlango wake ufunguke. Maumivu husikika chini ya tumbo na kiunoni. Mama akiogopa, mwili wake hutoa kemikali zile zile zinazotoka mtu anapokutana na nyoka: moyo unakimbia, misuli inakaza, na uchungu wenyewe unaweza kupungua nguvu na kuchukua muda mrefu zaidi. Daktari Mwingereza Grantly Dick-Read aliandika juu ya mzunguko huu wa hofu, kukaza na maumivu tangu miaka ya 1930 na 1940. Si kila alilosema limekubalika, kwa mfano wazo kwamba mama asiyeogopa hatasikia maumivu kabisa. Mama yeyote wa Karagwe angemrekebisha. Hata hivyo, kwamba hofu huongeza maumivu ni jambo ambalo wakunga wetu huliona kila siku.

Kukanda nako kuna maelezo yake. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba mishipa inayopeleka habari za mguso inaweza kupunguza habari za maumivu zinazopita kwenye uti wa mgongo, kama mlango unaofungwa nusu. Ndiyo sababu ukijigonga goti unalisugua bila kufikiri. Kwa mama mwenye uchungu, mahali pa kukandamiza ni mfupa ulio chini ya kiuno, juu kidogo ya makalio. Tumia sehemu ya chini ya kiganja, kandamiza kwa nguvu wakati uchungu unapopanda, kisha legeza unaposhuka. Mwulize yeye kama unakaza mno au kidogo mno. Kanga iliyochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, ikawekwa kiunoni, nayo husaidia. Iwe ya moto unaovumilika kwenye mkono wa msaidizi kwanza, isije ikamwunguza.

Kuhusu kulala chali kitandani tangu anapofika, tabia hiyo iachwe. Tumbo lililojaa linabana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na mtoto anaweza kupungukiwa damu. Uchunguzi uliokusanya tafiti 25 zenye wanawake zaidi ya 5,000, uliotolewa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wanaotembea au kukaa wima katika hatua ya kwanza walifupisha uchungu kwa takriban saa moja na dakika 20. Kwa mama aliye katika hali ile, saa moja si jambo dogo. Atembee kwenye korido, aegemee kitanda, apige magoti kwenye mkeka, au amshike shingo msaidizi wake na kuning'inia kidogo. Uji mwepesi na chai vinaruhusiwa kwa mama asiye na matatizo, isipokuwa mkunga amesema vingine. Mwenye njaa huchoka, na aliyechoka huona maumivu ni makubwa zaidi.

Na akitaka kupiga kelele, apige. Kwetu wapo wazee wanaosema mwanamke shupavu hatoi sauti, na wapo wahudumu wanaomfokea mama anayelia. Sauti ya chini na ndefu wakati wa kutoa pumzi husaidia mwili kulegea. Kumnyamazisha mama hakumpunguzii chochote, isipokuwa hamu ya kurudi kituoni mimba ijayo.

Lakini lenye nguvu kuliko yote haya ni msindikizaji. Mwaka 2017 ulitolewa uchambuzi wa tafiti 26 kutoka nchi 17, zenye wanawake 15,858. Waliokuwa na mtu wa kukaa nao muda wote walijifungua kwa njia ya kawaida kwa wingi zaidi, walipasuliwa kidogo zaidi, walihitaji dawa za maumivu kidogo zaidi, na uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo. Hapa nchini hatuna haja ya kwenda mbali. Katika mkoa jirani wa Kigoma, kati ya mwaka 2016 na 2018, shirika la Thamini Uhai lilifanya majaribio katika vituo 9 vya serikali, ambapo mama aliruhusiwa kuwa na msindikizaji, na ilionekana wazi kwamba jambo hilo linawezekana katika vituo vyetu vya kawaida, vilivyojaa watu na vyenye wauguzi wachache.

Msindikizaji si mkunga. Hachunguzi njia, hasukumi tumbo, hatoi dawa. Kazi yake ni kukanda, kumpa maji, kumshika mkono, kumkumbusha kupumua, na kumwita muuguzi upesi anapoona damu au mabadiliko. Mama mwenyewe ndiye anayemchagua. Anaweza kuwa dada, rafiki, mume au mama mzazi. Tunaomba mama mkwe asijichague mwenyewe.

Mbona basi vituo vingi havimruhusu? Tukiuliza, mara nyingi jibu ni faragha. Chumba cha leba kina vitanda viwili au vitatu bila kitu cha kuvitenganisha, hivyo mume wa huyu atamwona mke wa yule. Hoja hiyo ni ya haki, na dawa yake ni pazia. Waya, kitambaa kinachofuliwa na fundi wa siku moja: jambo ambalo usharika wowote unaweza kulifanya bila kusubiri mradi.

Tunawaomba pia wafadhili waikumbuke dawa moja ndogo ambayo haizungumzwi sana, nayo ni lignokaini, ganzi ya kuchoma mahali pa kushonwa. Mama akichanika au akiongezewa njia, asishonwe akiwa macho bila ganzi. Hapa hakuna udhuru wa kukosa mtaalamu wa usingizi, maana kila mkunga anaweza kuitumia. Hali kadhalika parasetamoli na ibuprofeni kwa maumivu ya tumbo baada ya kujifungua, ambazo mama anayenyonyesha anaweza kuzitumia.

Neno kuhusu imani, kwa sababu limesemwa hata na baadhi ya wazee wa kanisa: kwamba uchungu ni adhabu ya Hawa, hivyo kuupunguza ni kupingana na Mungu. Hoja hii si mpya. James Young Simpson alipoanza kutumia klorofomu kwa wazazi huko Edinburgh mwaka 1847, ilimlazimu kuandika kijitabu cha kujibu pingamizi za kidini. Mwaka 1853 Malkia Victoria, mkuu wa Kanisa la Uingereza, aliitumia alipomzaa Leopold. Tukisoma Mwanzo sura ya 3, neno la Kiebrania linalotumika kwa uchungu wa Hawa katika mstari wa 16 ndilo linalotumika kwa taabu ya Adamu shambani katika mstari wa 17. Sijasikia mzee akimkataza mkulima wa kahawa kutumia jembe lenye makali.

Yote haya hayalingani na epidurali. Mama aliyewahi kuipata atasikia tofauti, na ni vema aambiwe hivyo kliniki mapema, siyo usiku wa uchungu. Aambiwe pia kwamba yapo maumivu ambayo hayakandwi wala hayavumiliwi: tumbo lisilolegea kabisa kati ya uchungu mmoja na mwingine, maumivu makali ya ghafla kama ya kuchanika, kichwa kuuma sana pamoja na kuona ukungu, damu nyingi, au uchungu uliopita saa 12 bila mtoto kuonekana. Hapo ni rufaa, mara moja. Na dawa za mitishamba za "kuongeza uchungu" zisitumike hata kidogo, kwani zinaweza kulikaza tumbo la uzazi mpaka likapasuka.

Takwimu za taifa zinaonyesha kwamba mwaka 2015/16 wanawake 63 kati ya 100 walijifungulia kituoni, na mwaka 2022 walikuwa 81. Wamekuja. Sharika zinazotaka kuanza zizungumze kwanza na mganga mfawidhi wa kituo chao, wapime pamoja chumba cha leba kwa ajili ya mapazia na mikeka, kisha Umoja wa Wanawake uandike majina ya akina mama walio tayari kuwasindikiza wale wanaofika bila ndugu. Orodha hiyo ibandikwe kituoni pamoja na namba za simu, na ni vizuri iwe tayari kabla ya mwezi Mei, kwani mavuno ya kahawa yakishaanza ni vigumu kumpata mtu nyumbani mchana.