Anayehesabu mbu naye huokoa watoto

Wazazi wengi husikitika mtoto wao aliyemaliza digrii ya bayolojia anapowaambia kwamba anataka kurudi chuoni kuchunguza mbu. "Mbona asisomee udaktari akatibu watu?" huuliza. Swali hili nimeulizwa mara nyingi na wagonjwa wangu hapa Malindi, na kama daktari ningependa kulijibu.

Mimi hukutana na malaria ikiwa tayari imeingia mwilini. Hupima damu, hutoa dawa, na mtoto akizidiwa humpeleka hospitali kubwa. Lakini mbu aliyemuuma alizaliwa katika maji gani? Huuma saa ngapi? Dawa gani humuua? Majibu hayo hutafutwa na mtaalamu wa ekolojia, yaani elimu ya viumbe na mazingira wanamoishi.

Mfano wa Kilifi

Mwaka 1989 taasisi ya utafiti wa matibabu nchini, KEMRI, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na shirika la Wellcome Trust, ilianzisha kituo cha utafiti mjini Kilifi. Kati ya 1993 na 1995 vyandarua vilivyotiwa dawa vilifanyiwa majaribio katika vijiji vya huko. Matokeo yalitangazwa 1996: vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilipungua kwa asilimia 33, na waliolazwa kwa malaria kali wakapungua kwa asilimia 44.

Wakati huohuo wataalamu wa mbu walikuwa kazini. Mwaka 1995 Dkt Charles Mbogo na wenzake walichapisha uchunguzi wa sehemu tisa za pwani. Waligundua kwamba hata pale ambapo mtu huumwa na mbu wenye vimelea mara chache tu kwa mwaka, watoto bado hupatwa na malaria kali. Kwa hiyo mzazi asidanganyike kwamba mbu wakiwa wachache hakuna hatari.

Mbu wenyewe si wa aina moja. Anopheles gambiae hupenda madimbwi ya mvua. Anopheles funestus hupenda maji ya kudumu yenye majani. Anopheles merus huzaana hata katika maji ya chumvichumvi karibu na bahari. Anopheles arabiensis aghalabu huuma nje ya nyumba, kabla watu hawajaingia kwenye chandarua. Asiyejua tofauti hizi atamwaga dawa mahali pasipofaa.

Wakazi wa mijini nao wasijione salama. Mwaka 2022 mbu wa Kiasia, Anopheles stephensi, aligunduliwa Marsabit. Huyu huzaana katika matangi na mapipa ya maji ya kunywa, vitu vilivyojaa katika kila mtaa. Ni mtafiti aliyefunzwa vizuri tu atakayemtambua mapema.

Safari yenyewe

Shahada ya uzamili kwa kawaida huchukua miaka miwili, na ya uzamifu mitatu au zaidi. Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, kilichopata hati kamili mwaka 2013, ni miongoni mwa vyuo vinavyofunza masomo hayo. Kabla ya kujiandikisha, mwanafunzi amuulize msimamizi wake ana wanafunzi wangapi na husoma kazi zao kila baada ya muda gani. Ahesabu pia nauli, vifaa na gharama za maabara, maana karo peke yake haitoshi. Utafiti wahitaji kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, na ukihusu watu, idhini ya kamati ya maadili. Na mvua za masika zikikosa kunyesha, viluwiluwi hukosekana na kazi yaweza kuchelewa mwaka mzima.

Afya ya mtafiti

Mwanafunzi aliyekulia Nairobi hana kinga ya mwili dhidi ya malaria kama mtu mzima aliyeishi pwani miaka yote. Kabla ya kwenda vijijini amwone daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria. Akipata homa, apimwe siku hiyohiyo. Avae viatu virefu kwa sababu ya nyoka, na abebe maji ya kutosha.

Moyo nao huchoka. Kazi ya upweke, pesa kidogo na tasnifu inayorudishwa mara kwa mara huwaangusha wengi. Akikosa usingizi na hamu ya chakula kwa wiki mbili, na kuona maisha hayana maana, huo ni ugonjwa unaotibika. Apelekwe kwa daktari, asikemewe.

Mzazi, mwanao akikuletea habari za mbu, usimkatize. Muulize anataka kujibu swali gani, nani atamsimamia, na nani atalipa. Akiwa na majibu ya hayo matatu, mwache aende.