Kabla Hujakitupa Kidonge cha Presha

Mzee mmoja wa msikiti wetu, ambaye kwa miaka mingi hajaikosa safu ya mbele, alishikwa na kikohozi kilichodumu miezi minne. Hakikuwa na makohozi wala homa. Kilikuwa kikohozi kikavu cha kukereketa koo, kilichomjia hasa anapolala, na aghalabu imamu anapokuwa katikati ya khutba. Alipewa asali na tangawizi. Mara mbili alinunua dawa za kuua vijidudu katika duka la dawa. Baadhi ya waumini, Mwenyezi Mungu atusamehe, walianza kuacha nafasi kati ya bega lao na lake kwa kudhani ni kifua kikuu. Akaenda kupimwa, akaonekana hana. Jawabu lilipatikana siku ambayo tabibu mmoja alimuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Mzee wangu, ni dawa gani nyingine unayokunywa kila siku?"

Alikuwa akinywa enalaprili, dawa ya presha. Akabadilishiwa, akapewa losartani, na baada ya wiki tatu kikohozi kikakoma.

Enalaprili ni ya ukoo mmoja na kaptoprili na lisinoprili, na ukoo huo una asili ya ajabu. Wanasayansi, akiwemo Mbrazili Sérgio Ferreira, walichunguza sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye jararaca, na ni katika njia hiyo ya utafiti ndipo ilipopatikana kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Dawa hizi huzuia kimeng'enya kinachosababisha mishipa ya damu ibane. Lakini kimeng'enya hicho kina kazi ya pili, nayo ni kuvunjavunja kemikali ya mwilini iitwayo bradikinini. Kikizuiwa, kemikali hiyo hulimbikizana, na ikilimbikizana kifuani huwasha na kuleta kikohozi. Hakuna dawa ya kifua itakayokitibu, kwa kuwa hakikuletwa na mafua wala vijidudu. Huweza kuanza katika wiki ya kwanza, na huweza kuanza baada ya miezi kadhaa, wakati ambapo mgonjwa ameshasahau kwamba aliongezewa kidonge. Losartani na jamaa zake hufanya kazi mahali pengine katika mnyororo huohuo bila kuigusa bradikinini, ndiyo maana kikohozi hicho huwa nadra kwao.

Nimeanza na kikohozi kwa sababu ndicho chepesi kusimuliwa hadharani. Mengine husimuliwa kwa kunong'ona, au hayasimuliwi kabisa, na hapo ndipo penye hatari.

Presha, au shinikizo la juu la damu kama wataalamu wanavyoliita, aghalabu haiumi. Mtu huingia zahanati akiwa hana anachokihisi, akaambiwa namba zake zimevuka 140 kwa 90, akatoka na vidonge ambavyo ndivyo vinavyomfanya ajihisi mgonjwa. Miguu inavimba, kichwa kinakuwa chepesi, haja ndogo haikatiki. Akiviacha siku tatu anajiona amepona. Basi hupiga hesabu yake mwenyewe, na hesabu hiyo kwa nje inaonekana sahihi kabisa: dawa ndiyo ugonjwa. Hamwambii daktari kwa kuogopa kukaripiwa. Hamwambii mkewe. Kila mwezi huchukua dawa zake kliniki na kuziweka katika mtoto wa meza, na watoto wake huamini kwamba baba anakunywa dawa.

Hesabu hiyo ilishapigwa na wengine kwa uangalifu zaidi. Mwaka 1967 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, ukiongozwa na Dk. Edward Freis. Wanaume 143 wenye presha kali, ambayo namba yake ya chini ilikuwa kati ya 115 na 129, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa dawa, na jingine vidonge vitupu visivyo na dawa ndani yake. Katika muda ambao kwa wastani haukufika miaka miwili, waliopatwa na madhara makubwa katika kundi la vidonge vitupu walikuwa 27, na katika kundi la dawa walikuwa wawili. Na dawa za zama zile zilikuwa na maudhi mengi kuliko hizi tulizonazo leo.

Kwa hiyo maudhi ya dawa ni jambo la kweli, wala si uvivu wa mgonjwa au udhaifu wa imani yake. Kosa liko katika kudhani kwamba njia ni mbili tu, kuvumilia au kuacha. Ipo ya tatu, ambayo ni kusema ili dawa ibadilishwe.

Tuichukue amlodipini, ambayo pengine ndiyo iliyomo katika nyumba nyingi za wasomaji wetu. Kuna sababu njema ya kuandikiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulionesha kwamba kwa Waafrika weusi michanganyiko yenye amlodipini ilishusha presha vizuri zaidi kuliko mchanganyiko usio nayo. Lakini huvimbisha miguu. Ikifika jioni viatu vinabana, soksi zinaacha alama, na kukaa tahiyatu kunageuka mtihani. Nimewasikia watu wazima, wenye elimu zao, wakisema fulani amekanyaga uchawi uliotegwa mlangoni.

Kilichotokea ni hiki. Dawa hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu, ilhali ile inayoirudisha hailegei kwa kiasi hicho. Hivyo maji husukumwa kutoka kwenye mishipa na kuingia katika nyama, na kwa uzito wake hushuka miguuni. Si kwamba mwili umejaa maji, ndiyo maana kidonge cha kukojosha hakisaidii sana hapo. Uvimbe huu huzidi kadiri kipimo kinavyozidi, yaani miligramu 10 huvimbisha kuliko 5. Daktari anaweza kupunguza kipimo, au kuongeza dawa ya ukoo wa enalaprili au losartani, ambayo hulegeza mishipa ya upande wa pili na kupunguza uvimbe. Hata hivyo asijitibu mtu kwa kusoma gazeti. Miguu huvimba pia kwa maradhi ya moyo na figo, na mguu mmoja ukivimba peke yake, au uvimbe ukifuatana na kukosa pumzi, hiyo ni habari nyingine inayohitaji hospitali bila kuchelewa.

Vidonge vya kukojosha, kama haidroklorothiazidi na furosemidi, vina usumbufu wake kwa watu wa ibada. Wapo walioacha kuja swala ya Ijumaa kwa sababu hiyo, na wapo wanaokiacha kidonge kila Ijumaa. Hapa kuna jambo la fiqhi linalochanganywa. Mwenye ugonjwa wa kutokwa na mkojo bila ya kuweza kuuzuia anayo hukumu yake: hutawadha kwa ajili ya kila swala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, akaswali hata kama mkojo unamtoka. Lakini anayekwenda haja mara nyingi, ilhali anaweza kujizuia, siye huyo. Yeye hutawadha kila udhu wake unapotenguka, kama sisi sote, wala asiswali akiwa amebana mkojo kwa kuona haya kutoka katika safu. Baada ya hapo lililobaki ni suala la saa. Furosemidi ikinywewa, nguvu yake humalizika kwa takriban saa sita. Anayeinywa baada ya alfajiri huwa ametulia adhuhuri. Amuulize daktari kama siku ya Ijumaa anaweza kuichelewesha hadi baada ya swala. Kuichelewesha kwa saa chache kwa ushauri wake si sawa na kuiacha. Na misuli ya miguu ikimkakamaa usiku alitaje hilo, kwani vidonge hivi hupunguza potasiamu, na kipimo cha damu ndicho kitakachoonesha.

Kizunguzungu cha kuinuka kutoka sijida, au kitandani kwa ajili ya tahajudi, ni dalili kwamba presha hushuka mtu anaposimama. Ainuke kwa hatua, aketi kwanza kitambo, na akishindwa kusimama dini yetu imemruhusu kuswali ameketi. Lakini jambo hilo lifike kliniki, kwa sababu wazee huvunjika nyonga kwa kuanguka namna hiyo.

Sasa lile linalonong'onwa. Baadhi ya dawa za presha, hususan za ukoo wa atenololi na zile za kukojosha, huweza kupunguza nguvu za mume katika unyumba. Mume hunyamaza, akaanza kulala sebuleni, na mke hudhani anaolewa mwenzake. Ndoa huingia ufa kwa ajili ya kidonge ambacho kingebadilishwa kwa mazungumzo ya dakika tano. Nayo losartani na amlodipini, kwa mfano, ni nadra kuleta tatizo hilo.

Ila uko upande mwingine wa habari hii. Mwaka 2003 watafiti wa Italia walichapisha habari za wanaume 96 wenye maradhi ya moyo na mishipa, ambao kabla ya hapo hawakuwa na tatizo la unyumba. Wote walipewa atenololi. Miongoni mwa wale ambao hawakuambiwa ni dawa gani, waliolalamika kupungukiwa nguvu walikuwa karibu 3 katika kila 100. Miongoni mwa walioambiwa jina la dawa tu walikuwa karibu 16. Na miongoni mwa walioambiwa jina pamoja na kwamba huweza kuleta udhaifu huo, walikuwa 31. Hofu nayo ni dawa yenye maudhi yake. Natambua kwamba kwa kuyaandika haya huenda nimempandikiza hofu hiyo msomaji mmoja au wawili, lakini nimeona kunyamaza kuna madhara zaidi. Isitoshe, presha yenyewe isipotibiwa huiharibu mishipa ya damu na kuleta udhaifu uleule, kwa hiyo anayeacha dawa ili kunusuru unyumba wake anakimbilia kule anakokukimbia.

Na asikimbilie dawa za nguvu zinazouzwa vichochoroni. Nyingi hazijulikani ndani yake mna nini. Hata sildenafili halisi, ikikutana na dawa za moyo za ukoo wa naitreti, kama kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi, huweza kuiangusha presha kiasi cha kuua.

Kina mama wenye umri wa kuzaa wanahitaji neno lao. Enalaprili na losartani humdhuru mtoto aliye tumboni. Mwenye kutarajia mimba, au aliyekosa siku zake, amwone daktari mara moja abadilishiwe. Ipo methildopa, ambayo imetumika kwa wajawazito kwa miongo mingi.

Kuhusu Ramadhani, mazungumzo na daktari yafanywe Shaabani, si usiku wa kuandama mwezi. Dawa nyingi za leo hunywewa mara moja kwa siku, na huhamishika hadi futari au daku. Kisichofaa ni kukusanya vidonge vya siku nzima na kuvimeza pamoja na tende, au kukata ghafla dawa kama atenololi na propranololi, jambo linaloweza kuufanya moyo uende mbio na kifua kuuma. Na anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti amweleze daktari hilo pia: hupandisha presha na kuzielemea figo, kisha dawa ya presha ndiyo inayolaumiwa kuwa haifanyi kazi.

Siku ya kliniki nenda na maboksi yenyewe mfukoni, siyo "kile cheupe kidogo". Andika tarehe ulipoanza kila dawa na tarehe maudhi yalipoanza. Ukiwa umeshaacha, sema umeacha, na tangu lini; daktari asiyejua hilo ataona presha yako imepanda na atakuongezea dawa ya pili juu ya ile ambayo hukuinywa. Kama ni bei iliyokushinda, litaje hilo nalo, maana mara nyingi ipo ya bei nafuu katika ukoo uleule. Na wewe kijana unayemsindikiza mzazi, toka nje ya chumba kwa dakika chache, umpe nafasi ya kusema asiyoweza kuyasema mbele yako.

Lipo jambo jingine ambalo halisubiri siku ya kliniki. Anayetumia enalaprili au jamaa zake, akaona midomo, ulimi au uso vinavimba, asimeze kidonge kingine hata kimoja, na apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane. Uvimbe huo ni nadra, lakini huwapata watu wenye asili ya Afrika zaidi kuliko wengine, na huweza kuziba njia ya pumzi. Maboksi ya dawa yaende pamoja naye.