Kolwezi 1978 juu ya meza: kwa nini mwavuli mmoja unaweza kuharibu makete nzima

LUBUMBASHI – Mtu wa mita 1,75 akipunguzwa mara 35 anabaki na sentimita 5. Bunduki ya FAL, ambayo ina urefu wa mita 1,09, inakuwa ya sentimita 3 na kidogo. Kwa vipimo hivyo watengenezaji wa makete huko Ulaya na kwingineko wanaunda upya vita vilivyopiganwa kwenye udongo wa Katanga. Askari, gari, ukuta wa nyumba na vumbi jekundu vinapangwa juu ya ubao mmoja, na kazi hiyo inaitwa diorama.

Kwa mtu anayepita ni mchezo tu. Kwa anayeifanya, miezi mingi inaisha kabla hajafungua gundi, kwa sababu kwanza anapaswa kujua: siku ile, saa ile, askari alishika nini mkononi?

Mfano mzuri uko kilomita 300 hivi kutoka Lubumbashi. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC, wengi wao wenye asili ya Katanga waliokuwa wamekimbilia Angola, waliingia Kolwezi. Tarehe 19 Mei alasiri, askari wa kikosi cha 2e REP cha Lejioni ya Kigeni ya Ufaransa, wakiongozwa na Kanali Philippe Erulin, waliruka juu ya mji huo. Wakubwa wa hapa bado wanaita siku hizo vita vya siku sita.

Mwavuli wa nani?

Anayeanza kazi hii atasema: askari ni Wafaransa, basi mwavuli ni wa Kifaransa. Hapo anakosea. Waliruka na miavuli ya Kimarekani aina ya T-10, iliyotoka kwenye akiba ya jeshi la Zaïre, na ndege nyingi zilizowabeba zilikuwa C-130 za Zaïre. Mifuko yao ya mizigo ya Kifaransa haikukubaliana na mikanda ya miavuli hiyo, ikabidi waifunge kwa waya na kamba.

Waya huo, mwembamba kuliko unywele kwenye makete, unasema mengi kuhusu operesheni yenyewe: haraka iliyokuwepo, na jinsi Paris ilivyoitegemea Kinshasa. Anayeuacha anapoteza sehemu ya historia.

Silaha nazo zina tarehe zake. Walejioni wa Kolwezi walikuwa na bunduki ya MAS 49/56, bastola-rashasha ya MAT 49, bunduki ya kulenga mbali ya FR F1, bunduki ya mashine ya AA-52 na mrusha-roketi wa LRAC wa milimita 89. Bunduki fupi ya FAMAS, ambayo wengi wanaijua kama bunduki ya Wafaransa, haikuwa bado mikononi mwao. Ukiiweka, umewavisha watu wa 1978 nguo za miaka iliyofuata.

FAL inachanganya zaidi. Ilikuwa mikononi mwa parakomando wa Ubelgiji waliofika tarehe 20 Mei, mwa jeshi la Zaïre, na pia mwa waasi, ambao wengine walibeba Kalashnikov. Vilevile magari ya chuma ya AML, yaliyotengenezwa Ufaransa kwa ajili ya jeshi la Zaïre, yalitekwa na kugeuzwa dhidi ya wenyewe. Silaha peke yake haikuambii mwenye kuishika ni wa upande gani.

Hata jeep ina saa yake. Walioruka tarehe 19 Mei walikuja kwa miguu, na magari ya kikosi yalifuata nyuma kupitia Lubumbashi. Mtu akiweka jeep ya Lejioni pembeni ya askari anayekunja mwavuli wake, amechanganya siku mbili kuwa moja.

Filamu si shahidi

Kosa kubwa zaidi linatoka kwenye sinema. Filamu ya Raoul Coutard kuhusu Kolwezi, iliyotoka mwaka 1980, ilipigwa Guyana ya Ufaransa. Ile ya 2016 kuhusu Waairlandi wa ONU waliozingirwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwezi Septemba 1961, ilipigwa Afrika Kusini. Miti, kuta na magari ni ya huko.

Kwa hiyo anayejua kazi anaanza na picha yenye tarehe. Anaangalia kivuli kujua saa, bango kujua mtaa, kofia kujua kikosi. Kisha anatafuta picha ya pili inayokubaliana na ya kwanza. Mwaka mmoja unatosha kubadilisha kila kitu: Waairlandi waliofika Kongo mwaka 1960 walikuja na bunduki za zamani za Lee-Enfield, lakini wale wa Jadotville mwaka uliofuata walikuwa tayari na FAL.

Ambao hawapo kwenye picha

Ila kanuni ya picha ina ubaya wake: aliyepigwa picha ndiye anayekumbukwa. Siku tatu kabla ya Walejioni, tarehe 16 Mei, kompani ya askari wa miavuli wa Zaïre iliangushwa Kolwezi na ikamalizwa karibu yote. Wengine, chini ya Meja Mahele, walitoka upande wa Lubumbashi kwa barabara, wakauteka uwanja wa ndege tarehe 17 na kuushikilia. Mahele alikuja kuwa jenerali, akauawa Kinshasa mwezi Mei 1997. Askari wake walivaa nini na walibeba nini kwenye barabara ile? Swali hilo linastahili kazi ileile inayofanywa kwa Walejioni.

Na raia je? Zaidi ya Wazungu 100 na mamia ya Wazaïre waliuawa Kolwezi. Diorama yenye bunduki sahihi na mtaa mtupu ni sahihi nusu.

Lubumbashi ina mfano wa namna nyingine ya kukumbuka. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947, alichora historia ya nchi katika picha karibu 100 miaka ya 1970, na kuieleza kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya mtafiti Johannes Fabian. Hakuhesabu misumari ya gari la vita. Alichora vita kama vilivyoonekana na mwananchi.

Njia hizo mbili zinahitajiana, na muda ni mfupi. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo amevuka 65. Wazee hao wapo Katuba, Kenya, Kamalondo, na picha za zamani bado zimo kwenye masanduku ya familia. Ni vizuri kuwaendea kwa upole: katika nchi ambayo bado inalia vita, kuanza na swali la bunduki kunaweza kueleweka vibaya. Anza na nguo, na gari, na barabara waliyokimbilia. Andika jina la mtaa na tarehe nyuma ya kila picha.

Watoto wa hapa wanajua tangu zamani kukunja waya hadi uwe lori linalogeuza magurudumu. Mikono ipo. Kinachobaki ni kuuliza wazee kabla hawajaondoka.