Binti Anayetaka Kuwa Mfamasia

Mama msomaji, wahenga walisema mshika mawili, moja humponyoka. Je, binti anayeshika matatu? Shuleni ni dada mkuu, jioni anauza duka la nyumbani, na usiku anafungua daftari la Kemia huku anasinzia. Ndoto yake ni kuwa mfamasia. Anaweza kufika, lakini si bila msaada wako.

Masomo yasiguswe

Hapa Tanzania, anayelenga shahada ya famasia husoma Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha tano na cha sita. Shahada huchukua miaka minne, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini kabla ya kusajiliwa kamili na Baraza la Famasia. Huo si mzaha. Wewe uliyewahi kumnywesha mtoto dawa ya homa unajua kwamba dozi hutegemea uzito wake. Anayekokotoa akikosea nukta moja ya desimali, mtoto hupewa dawa mara kumi zaidi, au sehemu ya kumi tu. Kwa hiyo siku zikibana, kinachopunguzwa kisiwe saa za kusoma, wala usingizi.

Kazi iwe na mipaka

Kusaidia dukani kunamfundisha binti hesabu na uaminifu. Lakini mpangie siku, tuseme mbili kwa wiki, na saa ya kumaliza. Siku nyingine kaka zake nao washike zamu. Kuosha vyombo na kuchota maji hakukuandikiwa wasichana peke yao. Kama shangazi ana duka la dawa, binti anaweza kufuta rafu na kuandika daftari la mali. Asiuze dawa, kwa maana kazi hiyo ni ya aliyepata mafunzo yanayotambuliwa.

Uongozi una faida

Usimkataze uongozi. Mfamasia hushinda akiwaeleza watu, wengine wagonjwa, wengine wenye hasira. Dada mkuu hujifunza mapema kusikiliza na kusema kwa upole. Ila mshauri ashike cheo kimoja tu, awagawie viranja wenzake kazi, na akabidhi madaraka mapema kabla ya mtihani wa taifa, utaratibu wa shule ukiruhusu.

Kaeni mzungumze

Ukiona anaumwa kichwa mara kwa mara, anakasirika ovyo au alama zinashuka, usianze kwa kugomba. Keti naye, baba awepo, mwulize: "Mwanangu, mzigo upi tuupunguze?" Kisha tekelezeni alichosema.

Na alama zisipotosha, msimfanye ajione ameshindwa. Ipo stashahada ya famasia ya miaka mitatu, inayopokea waliofaulu masomo ya sayansi kidato cha nne. Akifanya vizuri, anaweza kuendelea hadi shahada. Njia hiyo ni ndefu zaidi, lakini wengi wameipita wakafika.