Dang'a ya ng'ombe si dawa ya baridi yabisi

Na Daktari Wetu, Kericho

Ni nadra wiki kupita bila mgonjwa wa viungo kuniuliza habari za dang'a, yaani yale maziwa mazito ya manjano yanayokamuliwa ng'ombe anapozaa. Baadhi huja na mkebe wa unga wake walioununua mjini kwa pesa nyingi. Wengine, hasa wa pande za Sotik na Bomet, huona hakuna haja ya mkebe. Humngoja ng'ombe wa nyumbani au wa jirani azae, kisha hunywa dang'a yenyewe, mbichi na vuguvugu. Wote wameambiwa jambo moja: dang'a huongeza kinga ya mwili.

Kosa linaanzia hapo. Baridi yabisi haisababishwi na upungufu wa kinga, wala, licha ya jina lake, haisababishwi na baridi ya huku kwetu milimani. Katika ugonjwa huu kinga huwa macho kupita kiasi. Askari wa mwili humgeukia mwenye nyumba, wakashambulia utando wa ndani wa viungo. Vidole huvimba, na baada ya muda mifupa hulika. Lupasi ni ndugu ya ugonjwa huo, ila hiyo huweza kushambulia hata figo. Sasa mtu ambaye askari wake wamemwasi atafaidika nini akiongezewa askari wengine?

Hata hivyo, sifa za dang'a hazikubuniwa bure. Ndama huzaliwa karibu bila kingamwili zozote, kwa sababu kondo la ng'ombe haliziruhusu kupita. Hivyo huzipata kwa kunyonya, na utumbo wake huzipitisha nzima hadi kwenye damu. Mlango huo hufungwa baada ya takriban saa 24. Binadamu ni tofauti: mtoto hupokea kingamwili nyingi za mamake akiwa bado tumboni. Mtu mzima akinywa dang'a, tumbo lake husaga sehemu kubwa ya kingamwili hizo kama linavyosaga nyama au maharagwe. Chache zinazosalia hufanya kazi ndani ya utumbo tu. Hazifiki kwenye kifundo cha mkono.

Ndiyo maana matokeo ya kutia moyo yamehusu utumbo zaidi. Mwaka 2002, nchini Uingereza, wagonjwa 14 wenye uvimbe wa utumbo mpana walishiriki katika jaribio. Waliopewa dang'a iliyotayarishwa maalumu, kwa njia ya haja kubwa na pamoja na dawa yao ya kawaida, walipata nafuu kuliko wenzao. Wagonjwa 14 ni wachache mno, na hakuna aliyeachishwa dawa. Kwa baridi yabisi na lupasi, sijaona ushahidi wa kunifanya niandike dang'a kwenye karatasi ya dawa.

Kwa wanaokunywa mbichi kuna hatari nyingine. Ng'ombe mwenye brusela hutoa viini vya ugonjwa huo kwa wingi anapozaa au kutupa mimba, na viini hivyo huwamo katika maziwa yake. Brusela kwa binadamu huleta homa, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na ya viungo. Mgonjwa hudhani baridi yabisi imezidi, naye huongeza dang'a! Matibabu yake huhitaji dawa zaidi ya moja kwa muda usiopungua wiki 6. Ukiichemsha, viini hufa, lakini dang'a huganda, na kingamwili ulizozitafuta huharibika pia. Kinachobaki ni chakula kizuri chenye protini. Kula ukipenda, mradi maziwa hayakudhuru.

Linalonitia hofu zaidi ni wale wanaoacha dawa. Aliyetumia prednisoloni kwa wiki nyingi akiikatiza ghafla, shinikizo la damu huweza kushuka hata akazimia, na wengine hufa. Methotreksati nayo hunywewa mara moja kwa wiki, si kila siku, na kuiacha huupa ugonjwa nafasi ya kula mifupa. Kidole kilichopinda hakinyooshwi na mkebe wowote, na mchuma majani chai bila vidole hana kazi.

Anayeamka na vidole vya mikono yote miwili vimekakamaa kwa zaidi ya saa nzima, tena vimevimba kwa wiki kadhaa, aende hospitali apimwe damu, na aombe apimwe brusela pia. Asingoje mwaka upite. Wanawake wapatao ugonjwa huu ni mara mbili au tatu ya wanaume.

Ama dang'a, mpeni ndama lita 3 au 4 katika saa 6 za kwanza. Ikizidi, na mkiwa na friza, igandisheni kwa ajili ya ndama atakayezaliwa mamake akafa. Siku hiyo iyeyusheni kwa maji ya vuguvugu, si juu ya moto.