Mlima Hauvuti Mvua

Kivuli cha mvua ni eneo kame lililo nyuma ya mlima, upande ambao upepo wa baharini hufika ukiwa umekwisha kupoteza unyevu wake. Kilimanjaro ni mfano ulio wazi. Miteremko ya kusini, inayokabili pepo za Bahari ya Hindi, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka katika ukanda wa msitu ulio karibu na mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ng'ambo ya pili, kwenye tambarare za Amboseli nchini Kenya, mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 350. Umbali kati ya sehemu hizo mbili, kwa mstari ulionyooka, haufiki kilomita 100.

Kila ukame unaporudi, swali hurudi nao: ipandwe miti mingapi upande mkavu ili mlima uanze kuvuta mawingu? Hakuna idadi. Swali lenyewe limesimama juu ya imani potofu, kwamba mlima huvuta mvua na msitu huusaidia kuvuta.

Kinachofanya kazi ni kupanda na kushuka kwa hewa. Hewa isiyo na wingu ikipanda hupoa kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi kila mita 1,000. Mvuke ukianza kugeuka kuwa matone, hutoa joto, na hewa hupoa polepole zaidi, kama nyuzi 5 hivi. Chukua hewa ya pwani yenye nyuzi 28. Ikipandishwa mita 1,000 hufikia nyuzi 18; tuseme hapo wingu linaanza. Ikifika mita 2,000 ina nyuzi 13, na njiani imenyesha mvua. Ikivuka na kushuka upande wa pili hadi mita 600, hupata joto kwa kasi ya hewa kavu na kufika nyuzi 27. Kabla ya kupanda mlima, hewa hiyohiyo ilipokuwa mita 600 ilikuwa na nyuzi 22. Sasa ina maji machache na joto zaidi, na hewa ya joto huhitaji mvuke mwingi zaidi kabla ya kuunda wingu. Kwa hiyo upande wa pili haukosi mvua kwa sababu mawingu yamegonga ukuta. Hewa inavuka, inachoacha nyuma ni maji.

Imani ya mlima unaovuta mvua inavunjwa na Kilimanjaro yenyewe. Kama ingekuwa kweli, kilele chenye mita 5,895 kingeongoza kwa mvua. Badala yake ni jangwa la baridi: mvua na theluji kwa pamoja hazifiki milimita 300 kwa mwaka, kwa kuwa unyevu mwingi umekwisha kudondoka chini zaidi. Milima ya Andes inaimaliza kabisa hoja hiyo. Kusini, upepo hutoka magharibi: Chile inalowa, nyanda za Patagonia upande wa Argentina zinakauka. Kaskazini zaidi, upepo hutoka mashariki: miteremko ya Amazoni inalowa, na upande wa magharibi kuna jangwa la Atacama, linalokaushwa pia na mkondo baridi wa bahari. Safu ni moja. Upepo ulipobadilika, kivuli kilihamia upande wa pili.

Msitu nao umegeuzwa kuwa chanzo cha kile kilichouzaa. Msitu mnene wa kusini mwa Kilimanjaro upo hapo kwa sababu mvua inanyesha. Ni kweli kwamba miti hurudisha mvuke angani, na msitu wa ukungu hunasa matone ambayo yangepita. Lakini hakuna shamba la miti linaloweza kuifanya hewa inayoshuka ianze kupanda. Miche inayopandwa nyikani kwa matumaini hayo kwanza hunywa maji machache yaliyopo, kisha mara nyingi hufa, na mwaka unaofuata hupandwa mingine. Kunyunyizia mawingu kemikali hakusaidii pia: kazi hiyo huhitaji mawingu yenye maji, na hayo ndiyo yanayokosekana.

Yanayofaa ni haya. Linda msitu wa upande wenye mvua, kwa sababu ndio unaopenyeza maji ardhini. Vinamasi vya Amboseli hulishwa na maji ya Kilimanjaro yanayosafiri chini ya ardhi. Fuata maji hayo kwa chemchemi, visima na mifereji: mifongo, yaani mifereji ya Wachaga, na ndiva, yaani mabwawa madogo ya Wapare, zilibuniwa ili kufikisha maji ya mlimani mashambani. Vuna maji ya mapaa. Chimba makinga maji shambani. Panda mtama, uwele, kunde au choroko, na mahindi yaachiwe penye umwagiliaji. Pale ambapo hata mtama haukomai, mifugo na malisho ya kupokezana ndiyo matumizi bora ya ardhi. Miti nayo ipandwe kwa faida zake halisi, yaani kivuli, kuni, malisho na kuzuia mmomonyoko, na ichaguliwe ile inayostahimili ukame.